Ushuhuda wa Shida Mbele ya Wasichana: Upimwe kwa Mizani Gani?

Msimu wa pamba ufikapo hapa Bariadi, mkulima huleta mzigo wake kituoni, na karani mwenye akili haupimi upesi. Kwanza hutia mkono ndani ya pamba mpaka chini kabisa. Kwani wako watu watiao maji au mchanga katikati ili uzito uzidi. Kwa nje mzigo ni mweupe, nao wapendeza macho. Walakini ndani mna udongo, na hasara yake huwarudia wakulima wote. Sisi twaona kwamba yako maneno yanayoletwa mashuleni mwetu ambayo yafaa kutiwa mkono vivyo hivyo kabla ya kusifiwa. Maneno hayo ndiyo ushuhuda wa shida.

Kila mwalimu aijua desturi yenyewe. Mgeni huja, mara nyingi mwanamke aliyefanikiwa, na wasichana huitwa wakae chini ya mti au katika bwalo. Mgeni husimulia jinsi alivyolala njaa, jinsi alivyotembea pekupeku, jinsi wazee walivyotaka kumwoza, kisha hutaja cheo alichopata, na kusema, "Mkikaza nia, nanyi mtafika." Wasichana hulia, hupiga makofi, hupigwa picha. Mgeni huondoka, kesho yake kengele hulia, na kila mmoja hurudi katika shida yake ile ile. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Twasema kwamba ni sanaa, kama vile hadithi na wimbo zilivyo sanaa, na kila sanaa ina uzuri wake na upungufu wake. Basi yatupasa kuipima. Nasi twaipima kwa uchungu, kwa kuwa sisi wenyewe tuliifanya, tukakosea.

Kwanza tuwatazame wasikilizaji, kwani neno hupimwa kwa sikio liendako. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, nao una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 2,000,000, walio wengi wakiishi kwa jembe, pamba na ng'ombe. Shule za sekondari za kata zimesogezwa karibu kuliko zamani. Walakini karibu ya ramani si karibu ya miguu. Msichana wa miaka 14 huamka gizani ili awahi kengele; au wazazi humpangia chumba jirani na shule, kile ambacho vijana hukiita geto, naye hukaa humo na wenzake bila mtu mzima, wakipikia unga wa wiki moja uliokwisha siku ya nne. Hapo ndipo mwenye pikipiki humsaidia leo kwa lifti, kesho kwa chipsi, na kesho kutwa hudai malipo yake. Nyumbani nako, mvua ikikosa na bei ya pamba ikianguka, binti huanza kuhesabiwa kwa ng'ombe wa mahari.

Wala jambo hili si la Simiyu peke yake. Uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 22. Hesabu imepungua, nasi twafurahi; lakini mwalimu mwenye wasichana 50 wa umri huo mbele yake na ajifanyie hesabu mwenyewe. Maana yake ni kwamba mgeni asimamapo bwaloni kusema habari za shida, hasemi na watu ambao shida yao ingali mbali. Wengine wamo ndani yake saa ile ile, nao wamenyamaza.

Sasa tutazame vitabu viwili vya lugha yetu, kwa sababu waandishi walikwisha kuijaribu kazi hii kabla ya wageni wetu, na twaweza kujifunza kwao.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka pwani yetu ya Busega, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ilikatazwa kwa muda kusomwa mashuleni, kwa kuwa watu wazima waliona haya. Baadaye ikaruhusiwa, na wanafunzi wengi wameisoma. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi tena mkali. Baba agundua barua ya mvulana aitwaye Charles, ampiga bintiye, na tangu hapo amfungia njia zote za kusema na wanaume. Msichana akuzwa kwa hofu, bila kufundishwa neno. Afikapo shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hofu yapasuka, naye hana elimu nyingine ya kujiongoza. Apotea, atoa mimba, na mwisho ajiua.

Sifa ya kitabu hiki ni kwamba hakina mchanga. Mwandishi hakutudanganya kwamba fimbo hufundisha, wala kwamba mtoto mwema hujiokoa mwenyewe. Alituonyesha mtoto mwema aliyeharibiwa na watu waliodhani wanamlinda. Wale waliokikataza walidhani kinawafundisha wasichana uchafu. Kwa kweli kilikuwa kikiwafundisha wazazi, na labda hiyo ndiyo sababu kiliwauma. Lakini kina upungufu mmoja kikitumiwa darasani kwetu. Regina, mama yake Rosa, ni mwanamke aliyeteseka katika ndoa yake; walakini mateso yake hayawi taa ya bintiye. Mama ana shida nyingi na hekima iliyozaliwa humo, naye binti ana haja ya hekima hiyo, lakini kati yao pana ukimya. Hatumlaumu mwandishi, alichora alichokiona, na ndivyo zilivyo nyumba nyingi za kanda yetu mpaka leo. Twawalaumu walimu, tukiwamo sisi, ambao tulikisoma kitabu na wasichana, tukaishia pale mwandishi alipoishia. Siku moja tuliuliza kidato cha nne wamejifunza nini. Msichana wa kiti cha mbele akasimama, akajibu kwa adabu: "Tumejifunza, Mwalimu, kwamba tukikosea mara moja tutakufa." Tukaona kwamba tumekigeuza kitabu kilichoandikwa dhidi ya fimbo, tukakifanya fimbo ya pili.

Kitabu cha pili ni cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka 1880, na jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, jirani yetu sisi Wasukuma kwa nchi na kwa lugha, na mama yake Mzigua. Hakujua kusoma wala kuandika. Alifinyanga vyungu, akavichukua kichwani kwenda kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Na mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, ikasikika pwani nzima na bara. Waliomhusudu walimcheka kwa uzazi wake na kwa sura yake. Alifariki mwaka 1950.

Hapa shida imefanya kazi ambayo haikufanywa katika nyumba ya Zakaria. Siti hakukaa akisimulia mateso yake mwenyewe tu. Aliyejua maana ya kudharauliwa aliwaimbia wengine waliodharauliwa. Wimbo wake uitwao Kijiti ulitangaza habari za mwanamke aliyeuawa, na za mwuaji aliyetoroka asipate adhabu. Watu waliosahau walikumbushwa, na mwanamke aliyekufa akapata mtu wa kumsemea. Kwa ajili hiyo wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, walipounda chama chao mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Huo ndio urithi wa shida iliyotumiwa vizuri.

Walakini Shaaban Robert, kwa jinsi alivyopenda kusifu tabia njema, humwacha msomaji kijana akifunga kitabu na kudhani kwamba subira na bidii peke yake zilimpandisha mwanamke huyu. Yatupasa sisi walimu kuwaonyesha wasichana waliokuwa kando yake: waliomfundisha kuimba, na wenzake waliompigia ala, kama vile Maalim Shaaban na Subeti bin Ambari. Sauti ilikuwa yake. Lakini kundi lilikuwa la watu. Mwenye sauti kama ile akibaki peke yake Fumba na vyungu vyake, nani angalimsikia? Nasi hatujui ni wangapi waliobaki, kwa kuwa waliobaki hawaandikiwi wasifu.

Neno hili la mwisho ndilo lililotuuma sisi wenyewe, na sasa hatuna budi kutoa habari zetu, kwa ufupi, maana hoja yazihitaji.

Tulizaliwa katika kijiji kimoja cha Bariadi, wakati wilaya hii ilipokuwa ingali katika Mkoa wa Shinyanga. Baba alifariki tulipokuwa darasa la sita. Tulipomaliza darasa la saba, baba zetu wadogo walipatana na mtu fulani habari za ng'ombe. Sisi tuliambiwa tu kwamba wageni watakuja Jumamosi. Usiku wa Ijumaa tukatoroka, tukatembea gizani mpaka kwa shangazi. Baadaye tukasoma sekondari, kisha tukaingia chuo cha ualimu cha misheni, na sasa ni mwaka wa 12 tangu tushike chaki.

Ndivyo tulivyokuwa tukisimulia, maneno hayo hayo, wala hapakuwa na uongo ndani yake. Mwaka 2020, shule zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, mwalimu mkuu alituomba tuseme na wasichana. Tulisimama mbele yao, tukasimulia usiku ule: giza, mbwa waliobweka, miiba. Tukamaliza kwa sauti kuu: "Mimi nilikataa, nikakimbia. Nanyi mwaweza kukataa." Walipiga makofi kwa muda mrefu. Tulirudi nyumbani tumeridhika.

Miongoni mwao alikuwamo msichana wa kidato cha pili, mwepesi wa hesabu, aliyekaa geto na wenzake wawili. Wiki tatu baadaye hakuonekana. Tukaambiwa ana mimba. Na kwa amri ya siku zile, jina lake likaondolewa.

Mwaka uliofuata tulimkuta gulioni, ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, mtoto mgongoni. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, bila kuinua macho. Tulimwitikia, tukanunua nyanya ambazo hatukuzihitaji, kisha tukamwuliza kwa nini hakuja kwetu siku zile, hali alijua kwamba nyumba yetu i karibu na shule. Akapanga kwanza fungu lililoharibika, ndipo akajibu:

"Mwalimu, siku ile uliyotuhadithia, mimi nilikuwa ninayo tayari. Nilikuwa nimekusudia kuja kwako jioni ile ile. Lakini ulisema kwamba wewe ulikataa. Nikaona, mimi sikukataa. Basi nikija nitasema nini?"

Wasomaji, hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesimulia habari zetu ili kufungua mlango, kumbe tumeufunga, na aliyekuwa nje ndiye yule aliyeuhitaji. Hatukumtukana wala kumtisha. Tulijisifu tu, na sifa yetu ikawa hukumu yake.

Usiku ule tulitia mkono katika pamba yetu wenyewe, tukaona mchanga uliomo. Haukuwa katika tuliyoyasema, bali katika tuliyoyaacha. Ni kweli tulitembea gizani. Lakini mwisho wa njia mlango wa shangazi ulifunguliwa. Asubuhi yake yeye, dada mkubwa katika nyumba yao, alisimama mbele ya wadogo zake akasema kwamba binti wa marehemu ndugu yake haozwi, na mwenye neno aseme naye kwanza. Aliuza cherehani yake, iliyokuwa riziki yake, ili tulipiwe ada. Mwalimu mmoja alituacha tuketi darasani miezi miwili ada ikiwa haijatimia. Hao wote hatukuwataja, kwa kuwa kila tukiwataja ushujaa wetu ulipungua.

Tena kuna la kuona haya zaidi. Tulikuwa na dada aliyetutangulia. Baba alipofariki, dada aliozwa mwaka ule ule, naye alikuwa na miaka 15. Hakukimbia. Haikuwa kwa uoga. Mahali pa kukimbilia palikuwa bado hapajajulikana, na shangazi alikuwa bado hajapata ujasiri wa kuwapinga ndugu zake. Kwa ng'ombe wa mahari yake nyumba ililishwa, na sisi tukamaliza darasa la saba. Shangazi mwenyewe alituambia baadaye, "Kwa dada yako nilinyamaza, na ndiyo sababu kwako sikunyamaza." Basi, ile tuliyoiita nia yetu ilikuwa imelipiwa na mtu mwingine. Na katika miaka yote ya kusimulia, dada hatukumtaja hata mara moja.

Huu ndio upungufu tuuonao katika ushuhuda mwingi wa shida: huondoa watu. Humbakiza msimulizi na nia yake, hata asikiaye huamini kwamba walioshindwa walikosa nia. Msichana mwenye njaa hujiona mvivu. Mwenye mimba hujiona mwenye dhambi isiyosemeka. Na mwenye pikipiki, mzazi mpokea ng'ombe, na mwalimu aliyefumba macho, hao hawamo katika hadithi, basi hawaulizwi neno. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nasi twasimama mbele ya watoto kuapa kwamba wetu ulichinja.

Wako watakaotujibu: "Watoto wahitaji matumaini, ukiwahesabia waliosaidia na walioanguka, utawavunja moyo." Tumeitafakari hoja hii, kwani ina uzito. Lakini tumaini la kweli ni lile lenye anwani. Kumwambia msichana "kaza nia" ni kumpa mzigo mwingine juu ya ndoo iliyoko kichwani. Kumwambia "mimi nilifunguliwa mlango na fulani, na mlango wangu mimi ni ule pale, bisha saa yoyote, hata kama limekwisha kutukia" ni kumpa mahali pa kwenda. Sisi tulitaka wafanane nasi. Iliwapasa kwanza waweze kutufikia.

Na tuseme pia juu ya milango iliyo mikubwa kuliko nyumba ya mwalimu, maana shida isimuliwayo bwaloni tu huisha bwaloni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama, hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, hakwenda kulia mbele ya watu. Aliipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 1916 ingalikuwa ndoto. Tarehe 8 Julai 2016 ilikuwa hukumu: vifungu vya 13 na 17 vilionekana kuvunja Katiba, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani, na mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba.

Upande wa shule, mambo yalikwenda njia nyingine. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili, na wenye mimba walitolewa kwa neno hilo. Mwezi wa Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni katika utawala wake. Ndiyo amri iliyomkuta msichana wetu. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, wataruhusiwa kurudi. Na mwongozo uliofuata ukawapa nafasi ya miaka miwili tangu kuacha shule, na waliopita muda huo wakaonyeshwa njia ya elimu ya watu wazima.

Tangazo lile tulilisikia redioni. Januari 2022 tulikwenda kwa msichana wetu, na safari hii tulimchukua dada yetu. Hatukusimulia habari za usiku na mbwa. Dada ndiye aliyesema. Alieleza alivyoozwa, alivyozaa angali mtoto, na alichotamani mtu amwambie siku zile. Mama wa msichana alisikiliza akichambua mchele, asituangalie. Mwisho akauliza swali moja tu: "Mtoto atanyonya saa ngapi?" Tukajua kwamba amekubali, kwa kuwa swali hilo lilikuwa la mtu apangaye siku. Msichana alirudi kidato cha pili katika shule nyingine, ambako hakujulikana, na mwaka 2024 alifanya mtihani wa kidato cha nne. Alichopata ni chake, hatukiandiki. Haya machache ametupa ruhusa kuyasema, pasipo jina lake, na dada naye ametupa yake.

Ruhusa hiyo yatupeleka kwenye neno jingine ambalo wakosoaji wa desturi hii hawana budi kulitia nguvu. Siku hizi si wageni tu wasimuliao. Wasichana nao husimamishwa mbele ya wageni waeleze jinsi walivyobakwa, walivyozaa, walivyofukuzwa, ili mgeni aguswe na atoe msaada. Twasema wazi kwamba jambo hili halifai. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na aliyetoka kaburini hapaswi kurudishwa humo kila afikapo mfadhili. Shida ya mtoto si pamba ya kupelekwa mnadani. Mtu mzima na asimulie iliyo yake, kama aweza. Ya mtoto na ikae kwa mtoto mpaka atakapokuwa mkubwa na kuamua mwenyewe.

Basi mizani yetu ni hii, nasi twaitoa kwa walimu wenzetu waijaribu. Asimamapo mtu kusimulia shida yake mbele ya wasichana, tujiulize maswali matatu. La kwanza: je, amewataja waliomfungulia, na je, amewataja wasiofunguliwa? La pili: msichana ambaye limekwisha kumpata, akisikia maneno haya, ataona mlango au ataona ukuta? La tatu: mgeni akiisha kuondoka, ni nani aliyebaki shuleni hapa wa kubishiwa hodi usiku? Ushuhuda ushindwao na swali la tatu haufai kitu, hata ukiliza bwalo zima.

Kwa mizani hiyo Rosa Mistika yabaki kuwa kitabu kikubwa, ila mwalimu asiifundishe pasipo kuwauliza wasichana ni nani angaliweza kusema na Rosa, lini, na kwa maneno gani. Tumelijaribu swali hilo, na darasa lililokuwa likinyamaza kwa hofu lilibishana mpaka kengele ikalia. Wasifu wa Siti nao wafaa, msomaji akihesabu waliompigia ala. Na ushuhuda wetu sisi, ule wa mwaka 2020, twauhukumu kuwa haukufaa. Ulikuwa mweupe, mzito, na nusu yake mchanga.

Hatujaacha kusimulia. Tungali tukiitwa, nasi twakubali, lakini sasa twaanza na jina la shangazi, kisha twamtaja dada. Makofi yamepungua, hilo hatulifichi. Ila tangu tuanze kusema hivyo, wasichana wanne wamekuja kubisha hodi jioni, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijifanya amekuja kuazima kitabu. Twakaa nao, chai ikichemka, tukingoja mpaka kitabu kisahauliwe. Walimu wenzetu wa Simiyu na wa kwingineko, mlio na mizani iliyo bora kuliko hii, tuandikieni. Ukurasa huu ni wenu.